Umri wa Pumzi

Jumapili, 7 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha alfajiri, na tulipotoka changarawe nyeusi ya barabara ilikuwa imelala, haina vumbi. Kwenye futingi, mbio zetu za pamoja za Jumapili, tulikuwa watu thelathini na mmoja. Lionel, katibu wa klabu, alihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alipata thelathini na wawili.

"Nimehesabu nafasi ya Papa Buhendwa," akaniambia. "Unisamehe, mama. Ni mazoea."

Buhendwa alikuwa mume wangu. Alikufa Novemba iliyopita akikimbia na klabu hii kwenye mpando wa Munigi, akiwa na miaka hamsini na tisa. Wenzake walikuwa wanaimba, hawakujua kwamba ameketi nyuma. Walipogeuka alikuwa peke yake kwa muda ambao hakuna anayeweza kuupima. Tangu siku hiyo klabu ina sheria mbili. Nafasi yake, mstari wa nne upande wa kushoto, inabaki wazi mpaka mwaka utimie. Na mtu akikaa njiani, mkubwa wa klabu anakaa naye, hata kama wengine wanaendelea. Mkubwa ni Modeste, rafiki yake, ndiye anayeanzisha nyimbo.

Mimi sikuwa nimekimbia maishani isipokuwa siku za lava na siku za risasi. Nilianza Januari, ili nikimbie kando ya nafasi ile. Nina miaka hamsini na minne. Nauza nyuzi, zipu na vifungo katika soko la Birere.

Buhendwa alikuwa anafunga shati kuanzia kifungo cha chini kwenda juu. Sijaona mtu mwingine anayefanya hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa tulipimwa pumzi katika ukumbi wa parokia. Alikuja daktari kijana, Bénita, mzaliwa wa Masisi. Anatafuta kujua pumzi ya watu wazima wenye afya hapa mjini ikoje, kwa umri, kwa wanaume na kwa wanawake. Unafungwa mkanda kifuani, unapanda na kushuka kidaraja cha mbao kwa kufuata mdundo, na kimashine mezani kinahesabu moyo wako.

"Dokta, mimi nitavunja hii mashini," Modeste alisema.

"Panda kwanza, muzee."

"Muzee ni nani hapa? Angalia vizuri!"

Bénita alitueleza bila haraka. "Pumzi ya mutu inajaa mpaka miaka makumi mbili na kitu. Kisha inateremuka pole pole, kila miaka kumi kipande kidogo. Hata mutu mwenye hagonjwe. Mutu mwenye kufanya mazoezi, yake inateremuka na heshima. Ya bamama inakuwaka chini ya ya bapapa, na haiko aibu. Moyo wao ni mudogo, na damu yao inabeba hewa kidogo. Ndiyo maana kila mutu tutamupima na benzake, mama na bamama wa miaka yake, papa na bapapa wa miaka yake."

"Kwa hiyo mimi na Modeste hatuwezi kushindana?" Mama Gisèle akauliza.

"Apana, mama."

"Ana bahati huyo."

Tulicheka wote. Lionel aliandika mezani bila kuinua kichwa: jina, miaka, kisha "Haya, mwingine!" Hesabu zitafanywa na mtu anayefanya kazi na Bénita, katika kompyuta, mji mwingine, na karatasi zitakuja baada ya wiki mbili.

Mambo mawili madogo. Modeste aliposhuka kidarajani aliinama kufunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa. Na mimi nilipovuliwa mkanda, kimashine kiliendelea kuhesabu. Themanini na nane, themanini na saba, themanini na sita, kama mtu anayepumzika. Mkanda ulikuwa juu ya meza.

"Kinafanyaka vile," Bénita alisema, akakizima.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua kutwa. Nimeuza zipu mbili.

Jumapili, 28 Septemba

Karatasi zimefika. Kila karatasi ina namba ya pumzi, na chini yake maneno haya: Umri wa pumzi. Yaani, pumzi yako ni ya mtu wa miaka mingapi.

Moïse, mwalimu, ana miaka arobaini na mitano. Karatasi yake ilisema ishirini na miwili. Akatoa kilio kama kipenga. Mwanaume mmoja akapewa ishirini na tisa, mwingine thelathini na mmoja. Walikuwa wanabebana. Modeste, mwenye hamsini na minane, alipewa hamsini.

"Miaka munane tu?" akasema. "Wengine munapata bule, mimi nanunua!"

Kisha tukafungua sisi wanawake. Mama Gisèle ana hamsini. Karatasi yake ilisema sabini. Marie-Claire ana thelathini na minane; ilisema sitini. Yangu ilisema sabini na minne. Tulikuwa kumi na wanne, na hakuna hata mmoja ambaye hakuongezewa miaka kumi na zaidi.

Asubuhi moja, mlango mmoja. Wanaume walitoka vijana, sisi tukatoka wazee. Wao walishuka ngazi za ukumbi kwa kuruka. Mama Gisèle alishika ukuta. Ameshuka ngazi zile miaka yote, na sijawahi kumwona akishika ukuta.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama Gisèle alikuja mezani kwangu Birere, akajifanya anachagua vifungo.

"Louise, unalala?"

"Nalala."

"Mimi silali. Nikipanda kwangu na ndoo ya maji, nasikia moyo unagonga mpaka ku masikio. Ulikuwa unagonga vile mbele ya ile karatasi?"

"Labda ulikuwa unagonga, hukuusikiliza."

"Apana. Kuna kitu." Alikishika kifungo cheusi, akakiangalia mashimo yake. "Bapapa bote bamepata, sisi bote tumepoteza. Pumzi haipotee. Inaenda pahali."

Hakununua kitu.

Jumapili, 5 Oktoba

Ukungu ulipanda kutoka ziwani, mpaka hatukuona mstari uliokuwa mbele yetu. Juu ya ukungu mlima wa moto ulikuwa na wekundu wake. Wanawake tulikuwa tisa.

Nilikimbia mahali pangu, nafasi ya Buhendwa kushoto kwangu. Kwenye kona ya kambi ya Katindo wimbo ulikatika kidogo, kama unavyokatika Modeste akimeza mate, na katika ukimya ule nikasikia pumzi kwenye nafasi ile. Mbili fupi ndani, moja ndefu nje. Ndivyo Buhendwa alivyokuwa akipumua kwenye mpando. Nilimjua hivyo hata gizani, akirudi nyumbani, kabla hajagusa mlango.

Sikugeuza kichwa. Nilitazama mgongo wa aliye mbele. Pumzi ikaja pamoja nami hatua labda mia mbili. Modeste alikuwa mbele kabisa. Nilisikia sauti yake ikianza tena wimbo. Basi haikuwa yake.

Marie-Claire alikuwa mstari wa tano, nyuma yetu. Tulipofika hakuniaga.

Jumapili, 12 Oktoba

Wanawake watano. Radi bila mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Marie-Claire amenijia nyumbani. Si mtu mbaya. Alikaa ukingoni mwa kiti na mikono juu ya magoti.

"Mama Louise, nisikusemee nyuma, nakusemea mbele. Ile nafasi ya papa, mimi nimesikia mutu ndani."

"Na mimi nimesikia."

Alishtuka kwamba nimekubali. Akaendelea kwa sauti ndogo. "Kwetu milimani banasema, mujane akifuata mahali ya bwana yake, anaacha mulango wazi. Wewe umeanza kukimbia Januari. Tumepimwa Septemba, pumzi yetu haiko. Bamama banasema anaikunywa. Haiko wewe, mama. Ni yeye, lakini anapita kwako."

"Kwa nini anywe ya wanawake, aache ya wanaume?"

Alifikiri. "Labda ni ya bamama ndiyo anayoijua."

Nilimpa chai. Hakuigusa. Baada ya yeye kuondoka, binti yangu Aurélie aliimwaga nje, kisha akaniambia niache futingi.

"Karatasi imesema sabini na nne, mama. Unataka nini huko?"

Jibu nimeliandika hapa kwa sababu hasomi daftari langu: ikiwa moyo wangu una miaka sabini na minne, basi njia ya kwenda kwa baba yake si ndefu. Sitafuti kitu. Nakimbia tu, nione kama kitanikuta mahali kilipomkuta yeye.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwanamke ni mimi peke yangu. Kwenye misa Mama Gisèle alihama benchi nilipokaa nyuma yake.

Jumapili, 26 Oktoba

Wanaume wanakimbia kama walioachiliwa. Moïse anapiga magoti juu kifuani, anarudi nyuma kinyumenyume akitucheka. Wanaume kumi na saba, na mimi kando ya nafasi iliyo wazi. Pumzi ile nimeisikia tena, kama Jumapili mbili zilizopita.

Modeste siku hizi hakai mbele. Anakimbia nje ya mistari, upande wa kushoto, mara mbele mara nyuma, na kipenga mdomoni. Leo nimegundua kwamba haanzishi tena wimbo mwenyewe. Anapiga kipenga, anamnyooshea mwingine kidole: "Moïse, toa!" Moïse anatoa. Watu wanafikiri ni ukarimu.

Mara tatu aliinama kufunga kamba.

Buhendwa, mwezi wake wa mwisho, aliacha kuimba kwenye futingi. Alisema sauti yake imezeeka, waimbe vijana. Nyumbani akipanda kutoka barabarani alikuwa anasimama kwa jirani kumsalimia mbuzi. Nilimcheka. Nilisema, mume wangu amepata rafiki mwenye ndevu. Hakuwa anamsalimia mbuzi.

Lakini Modeste ana karatasi ya miaka hamsini.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tulikwenda makaburini baada ya misa. Ardhi ile ni jiwe tupu. Kaburi la Buhendwa lilichimbwa kwa nyundo na mtaimbo siku nzima. Modeste alisimama miguuni pake, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, tarehe makumi mbili na tatu, siku ya Kristu Mufalme, tunapanda Munigi. Nitaimba mwenyewe, kuanzia chini mpaka mahali ulikaa. Sitamupa mutu kipande hata kimoja." Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe usipande. Ni mbaya, karatasi yako."

"Na yako?"

"Yangu ya kijana!"

Alicheka, na kicheko kilikwisha kabla ya mdomo kufungwa.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nitaandika mengi.

Lionel alikuja baada ya misa na daftari la klabu. Mgongo wa daftari umeachana, karatasi zinatoka. Aliniomba nilishone kwa uzi mnene, akaketi kungoja. Niliweka sindano, nikatafuta ukurasa wa katikati nianzie hapo. Ukurasa ulikuwa ule wa tarehe 14 Septemba, nakala ya orodha aliyompa daktari. Safu tatu kwa Kifaransa: Nom, Âge, Sexe, yaani jina, umri, jinsia.

Mirindi Louise, 54, M.

Nilitoboa tundu la kwanza. Nikaangalia tena. Mama Gisèle, 50, M. Marie-Claire, M. Moïse, P. Modeste, P.

"Lionel, hii P ni nini?"

"Papa."

"Na M?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Mama, sasa ingekuwa nini?"

Mimi sikusoma sana, miaka miwili tu ya sekondari. Lakini nimejaza karatasi nyingi za serikali: za kifo, za kodi, za kitambulisho. Kwenye safu ile, M ni masculin, mwanaume; mwanamke ni F.

Niligeuza daftari limwelekee, nikaweka kidole juu ya neno Sexe. Lionel alisoma. Alisoma mara ya pili, midomo ikitembea. Kisha mikono yake ikapanda kichwani, ikabaki huko.

"Yesu. Mwenye kompyuta ameona M, amesema hawa ni banaume."

"Na P?"

"Haikuwe na P kwake. Amesema, kama haiko M, basi ni ile ingine."

Basi wanawake wote tulipimwa na wanaume, na wanaume wote walipimwa na wanawake. Hakuna aliyekunywa kitu. Hakuna aliyezeeka wala kuwa kijana. Namba za pumzi zilikuwa za kweli, ni jirani tuliyewekwa naye aliyekuwa wa uongo. Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kanga, na Lionel naye akacheka, akinisihi, "Mama, usiseme kwanza, bataniua na kicheko."

Kisha nikaacha kucheka. Nilichukua karatasi yangu. Namba yangu ni ishirini na saba. Nilikumbuka ya Modeste, kwa sababu aliisoma kwa sauti siku ile: ishirini na sita.

Ishirini na saba, kwa mwanaume, ilikuwa sabini na minne. Ishirini na sita yake, akirudishwa kwa wanaume wenzake, itakuwa zaidi ya sabini na minne. Na yeye si mtu anayeanza. Amekimbia miaka ishirini. Bénita alisema pumzi ya mkimbiaji inateremka na heshima. Hii haikuteremka, imeanguka.

Jioni nilikwenda kwa Mama Gisèle kumpa habari njema. Alinisikiliza hadi mwisho, mlangoni.

"Basi ju ya nini ninachoka?"

"Kwa sababu uliogopa. Umekaa wiki sita hutembei."

"Karatasi inaweza kukosea, Louise. Na miguu yangu, nayo imekosea?"

Jumanne, 11 Novemba

Nimempata Bénita kwa simu mara ya nne. Nilipomweleza nikasikia anafungua makaratasi. "Mungu wangu," alisema. Kisha nilimtajia Modeste na namba yake.

"Mama, namba peke yake haionyeshe ugonjwa. Lakini asipande ule mulima. Aje nimupeleke kwa wa moyo kwanza. Amesikia kifua kinabana?"

"Anafunga kamba ambazo zimefungwa."

Hakuuliza maana yake. Nadhani alielewa.

Ijumaa, 14 Novemba

Bénita amempigia Modeste. Hashiki simu.

Jumapili, 16 Novemba

Nilimshika Modeste kwa mkono baada ya futingi, nje ya ukumbi, wanaume wakisikia kwa mbali. Nilimweleza M na P. Alisikiliza akitabasamu.

"Shemeji, unataka kuninyanganya miaka munane yangu?"

"Nataka ubaki nayo."

"Lionel hakosee jina la mama yake, leo amekosea papa na mama? Angalia mimi. Jana nimebeba mufuko wa simiti."

"Umeubeba mpaka wapi?"

Tabasamu lilisimama. Alitazama wenzake. Nyuma yangu mmoja akasema, "Mujane amemaliza bamama, sasa anaanza bapapa," na wakacheka, na Modeste alipoona wanacheka akacheka pia. Akanipigapiga begani.

"Nimemwahidi mutu ndani ya jiwe. Nitaimba."

Kwa hiyo ataimba Jumapili, na Jumapili moyo wake utasimama kwenye mpando ule ule. Najua hivyo kama ninavyojua kwamba kesho ni Jumatatu. Na mimi ndiye niliyekuwa nakimbia miezi yote hii nikingoja uwe wangu.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua. Siwezi kushona. Najichoma.

Jumapili, 23 Novemba

Tulitoka bado kuna giza la asubuhi. Mvua ndogo, mawe meusi yanang'aa. Modeste hakuchukua kipenga. Aliimba.

"Nani amechoka?"

"Hakuna!"

"Nani anabaki?"

"Hakuna!"

Kwenye tambarare aliimba vizuri, watu walitoka milangoni kutuona. Barabara ilipoanza kuinuka alikuwa upande wa kushoto, nje ya mstari wetu, na nafasi ya Buhendwa ikiwa kati yetu. Sauti ilianza kukatwa. Nani... amechoka. Wanaume waliitikia kwa nguvu zaidi, hawakusikia. Mimi nilisikia. Mbili fupi ndani, moja ndefu nje.

Nilifikiri: ni hii. Jumapili hizi zote huenda ni hii niliyokuwa naisikia, Modeste nje ya mistari, kushoto. Isipokuwa ile ya ukungu, tarehe 5, alipokuwa mbele kabisa. Ile sina la kusema juu yake.

Mahali pa Buhendwa kuna kona yenye ukuta wa mawe. Ilikuwa bado labda dakika tano. Modeste alikuwa na rangi ya majivu midomoni na macho yake yalikuwa kwenye ile kona, yameganda, kama mtu anayeitwa na anayemjua. Kumwambia asimame kusingesaidia. Mwanaume anayeimba mbele ya wanaume kumi na sita hasimamishwi na neno.

Nikakaa chini. Katikati ya barabara, kwenye maji.

"Pumzi imekwisha!" nikapiga kelele. "Ninakufa!"

Pumzi nilikuwa nayo. Niliona aibu jinsi nilivyokuwa nayo nyingi. Ningeweza kufika Munigi na kurudi. Mstari ukavunjika. Moïse akarudi akihema kwa afya.

"Karatasi ilimwambia," mmoja akasema. "Tulimwambia, hasikiye."

"Sheria," nikasema, nikimtazama Modeste. "Mtu akikaa, mkubwa anakaa naye."

Alisimama akitazama kona, kisha akanitazama mimi. Niliona anavyopigana. Hakuna aliyemwambia amechoka. Aliambiwa ni mkubwa.

"Mwende," akawaambia. "Moïse, toa wimbo. Mimi... nabaki na shemeji."

Wakaenda. Tulisikia viatu vyao, kisha sauti zao, kisha mvua. Modeste aliketi juu ya jiwe kando yangu, mkono kwenye kola. Pumzi yangu ilikuwa imetulia kabla hajakaa. Ya kwake nilingoja itulie. Nilihesabu hadi mia, hadi mia mbili, hadi mia tatu. Haikutulia.

"Shemeji," akasema, "na wewe unamusikia?"

"Nani?"

"Mwenye kupumua nyuma yangu. Tangu Agosti. Nikisimama, anasimama. Nilifikiri ndugu yangu ananiita."

"Namsikia," nikasema. "Ndiyo maana tunashuka."

Nilisimamisha pikipiki mbili za kutupeleka hospitali. Aliniruhusu nimwinue kwa kwapa. Alikuwa mzito kama nguo iliyoloa.

Jumanne, 25 Novemba

Mshipa wa moyo wa Modeste umeziba, karibu wote. Wamempa dawa, amelazwa, anazungumza. Daktari wa moyo alimwambia kwamba asingeumaliza mpando ule. Mke wake alinishika mikono, akanipa ndizi.

Modeste ameomba nisiwaambie wanaume ni nani aliyechoka siku ile. Nimekubali. Mtaani wananiita Mama Sabini na Nne.

Jumapili, 30 Novemba

Mwaka umetimia. Nafasi ya mstari wa nne imejazwa. Niliona mtu amesimama pale, nikamsalimia.

Jumapili, 14 Desemba

Bénita amerudi, safari hii na kompyuta mezani, ametupima upya. Lionel aliandika kwa herufi kubwa, neno zima, MAMA, PAPA, jasho likimtoka, na kila mtu aliyefika mezani alimuuliza kama ana hakika. Wanaume walipewa miaka yao halali. Moïse, kijana wa ishirini na miwili, amerudi arobaini na mitatu. Alikunja karatasi, akaiweka ndani ya kiatu.

Wanawake wenzangu walikuja wote kumi na watatu, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kurudishiwa kitu. Nilifurahi nao. Lakini Bénita alipokuwa anasoma, uso wake ulibadilika. Namba ya Mama Gisèle ilikuwa ishirini na tisa Septemba, pumzi ya miaka arobaini na mitatu, ikiwa wangemsoma vizuri. Sasa ni ishirini na tano: hamsini na mitatu. Marie-Claire ameteremka. Wote wameteremka.

"Mulikuwa muzima," Bénita alisema. "Siku ile mulikuwa muzima bote. Lakini mumekaa miezi mbili na nusu bila kukimbia, munaogopa ngazi."

"Kwa hiyo karatasi ilikosea," Mama Gisèle akasema pole pole, "kisha sisi tumeisaidia."

Alinitazama, akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Bénita alisoma, akapima tena, akanifunga mkanda mara ya pili. Ishirini na saba imekuwa thelathini.

"Mama, wewe peke yako umepanda. Ulifanya nini?"

Nilisema nilikimbia. Sikusema nilikuwa nakimbilia nini. Kila Jumapili nilitoka asubuhi nimfuate, na kila Jumapili, bila kujua, nilikuwa napiga hatua za kumuacha.

Umri wa pumzi: arobaini na mmoja.

Nilihesabu nyumbani kwa vidole. Nilipokuwa na arobaini na mmoja ni mwaka tulioezeka upya nyumba hii. Buhendwa alikuwa juu ya paa, mimi chini nimeshika ngazi. Nilimwita, na alikuwa na misumari mdomoni, hakuweza kunijibu.